Ndege Ndani ya Nota: Olivier Messiaen na Muziki Uliotoka Porini



Sisi tunaoimba katika kwaya ya mafrateri tuna jirani mmoja ambaye ni nadra sana kukosa Masifu ya Asubuhi. Ni dudumizi, yule ndege wa rangi ya kahawia ambaye wengine humwita tipitipi, na ambaye wazee husema akilia basi mvua i karibu. Anakaa kwenye vichaka vya bondeni, chini ya kikanisa chetu. Tukifika zaburi ya pili naye huanza: du-du-du-du, sauti ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, kisha mwishoni inapanda kidogo. Mara nyingi mwenzake humwitikia kutoka upande wa pili wa bonde, na hapo sisi tulio kikanisani hujikuta tumepotea mstari.

Mwaka jana tulitunga wimbo kwa ajili ya Kipindi cha Uumbaji, kile kinachoanza tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tukaona ni jambo jema dudumizi naye awemo. Tukawapa sauti ya nne maneno ya "du-du-du", tukaandika nota zinazoshuka kutoka so hadi do, tukafanya mazoezi wiki mbili. Siku tulipomwimbia padre mlezi wetu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo ndege anafanya nini humo ndani?"

Mmoja wetu alijibu kwamba anapamba. Padre akasema mapambo tunayo ya kutosha. Wimbo haukuimbwa.

Tulikasirika kidogo, hatufichi. Lakini swali lilikuwa la haki, na ndilo lililotupeleka maktaba. Huko tulikutana na Mkatoliki mmoja wa Ufaransa, Olivier Messiaen, mpiga kinanda wa parokia na mtunzi wa muziki wa klasiki, ambaye alijiuliza swali lile lile kwa muda wa maisha yake yote. Tunataka kuwaeleza ninyi wenzetu seminarini, nanyi waamini wa parokiani, alifanya nini hasa na kwa njia gani. Wanaosoma nota watatuvumilia tukieleza mambo wanayoyajua, wasiosoma wasiogope.

Kabla ya kumfikia Messiaen ilitubidi tupite kwa Mtakatifu Augustino, kwa sababu ndiye tuliyekuwa naye mezani. Katika kazi yake De musica, yenye vitabu sita, anaueleza muziki kuwa ni elimu, yaani kujua kuipima na kuiongoza sauti vema. Papo hapo katika kitabu cha kwanza anajiletea pingamizi mwenyewe. Kuna ndege mdogo, kwa Kilatini luscinia, ambaye majira ya kuchipua ya Ulaya huimba usiku kwa ufundi wa kumshangaza mtu yeyote. Je, ndege huyo ni mwanamuziki? Augustino anasema hapana. Anaimba vizuri lakini hana elimu ya anachokifanya. Wala haoni aibu kuongeza kwamba wako wapiga filimbi na wapiga zeze wengi walio katika hali hiyo hiyo ya ndege: wamejifunza kwa kuiga, vidole vinajua lakini akili haijui. Tuliposoma hapo tulitazamana, maana sehemu kubwa ya kwaya yetu imejifunza hivyo hivyo.

Kisha tukaongeza la Mtakatifu Thoma wa Akwino. Watu wengi hulitaja neno la Aristotle kwamba sanaa huiga maumbile, wakadhani maana yake ni kwamba mchoraji anachora mti unaofanana na mti. Thoma analisema kwa usahihi zaidi: sanaa huiga maumbile katika utendaji wake. Mfano anaoutumia ni wa mganga. Mwili una nguvu yake wa kujiponya, na mganga mwema hufuata njia ile ile ambayo mwili wenyewe ungeifuata, akiisaidia nguvu iliyomo ndani. Hakopi sura ya afya, anafuata namna afya inavyotokea. Kwa mtunzi wa muziki jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kuandika "du-du-du" ni kukopi sura. Kuuliza dudumizi anajengaje wimbo wake, anaanza wapi, anakaa kimya muda gani, mwenzake anaingia lini, huko ndiko kuelekea kwenye utendaji.

Watunzi wa Ulaya walikuwa wamemwalika ndege zamani sana. Vivaldi alimweka katika Majira Manne, yaliyochapishwa mwaka 1725. Haydn alimweka katika oratorio yake ya Uumbaji ya mwaka 1798. Beethoven, katika simfonia yake ya sita ya mwaka 1808, anasimamisha okestra karibu na mwisho wa sehemu ya pili ili ndege watatu wasikike, kila mmoja kwa chombo chake: filimbi ni ndege yule wa Augustino, obo ni tombo, klarineti ni kukuu. Hata majina yao aliyaandika kwenye nota. Ni pazuri sana, ila ndege wale ni kama wageni wa heshima kwenye harusi: wanasimama, wanatambulishwa, wanapigiwa makofi, wanaketi. Karne iliyopita wengine walikwenda njia ya mkato. Ottorino Respighi, mwaka 1924, aliagiza sahani ya santuri yenye sauti ya ndege halisi ipigwe katikati ya okestra. Einojuhani Rautavaara wa Finland, mwaka 1972, alitunga kazi nzima kwa okestra na kanda za ndege zilizorekodiwa kaskazini mwa nchi yake. Hatuwadharau, na hiyo ya Rautavaara tumeisikiliza mara nyingi usiku kwa simu ya kuazima. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda shule kwa ndege jinsi Messiaen alivyokwenda.

Alizaliwa Avignon tarehe 10 Desemba 1908. Mama yake, Cécile Sauvage, alikuwa mshairi. Baba yake, Pierre, alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyetafsiri Shakespeare. Alipokuwa na miaka 11 tu aliingia chuo kikuu cha muziki cha Paris, Conservatoire, na huko mmoja wa walimu wake, Paul Dukas, aliwahimiza wanafunzi wawasikilize ndege. Mwaka 1931 akawa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu jijini Paris, La Trinité, akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1992. Hebu fikirini: miaka sitini kwenye kinanda kimoja, Dominika baada ya Dominika, huku akiwa profesa anayewafundisha vijana waliokuja kuwa majina makubwa ya muziki mpya, kama Pierre Boulez na Karlheinz Stockhausen. Wapo kati yetu wanaolalamika wakipangiwa zamu ya kinanda majuma mawili mfululizo.

Tangu ujana wake alikuwa akiandika milio ya ndege kwenye daftari, alipokwenda kukaa kwa ndugu zake mashambani katika mkoa wa Aube. Baadaye alikiri kwamba wakati ule hakujua hata ni ndege gani anayemwandika. Alikuwa anasikia, anapenda, anaandika. Hali hiyo tunaifahamu.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1939 aliitwa jeshini, na kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu aliwekwa kwenye kazi za uuguzi. Huko Verdun alikuwa pamoja na mpiga selo, Étienne Pasquier, na wakipata zamu ya alfajiri walikuwa wakiwasikiliza ndege wanavyoamka mmoja mmoja mpaka wote wanaimba. Mwaka 1940 walitekwa na Wajerumani, wakapelekwa kambi ya wafungwa ya Stalag VIII-A huko Görlitz. Kambini alikuwamo pia mpiga klarineti, Henri Akoka, na mpiga violini, Jean Le Boulaire. Kwa watu hao watatu, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano mbovu, Messiaen alitunga kazi yenye sehemu nane iitwayo Quatuor pour la fin du temps, yaani wimbo wa vyombo vinne kwa ajili ya mwisho wa nyakati. Chanzo chake ni sura ya kumi ya Kitabu cha Ufunuo, malaika anayeinua mkono mbinguni na kutangaza kwamba wakati hautakuwapo tena. Ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, kwenye baridi kali, mbele ya wafungwa wenzao na walinzi wao.

Sehemu ya tatu ya kazi hiyo ni ya klarineti peke yake. Inaitwa shimo la ndege. Inaanza polepole mno, nota ndefu zinazokaa hewani mpaka unahisi mpigaji ataishiwa pumzi, halafu ghafla inageuka kuwa milio ya haraka, ya kurukaruka, ya ndege. Messiaen aliueleza mpango wake waziwazi: shimo ni wakati, pamoja na huzuni na uchovu wake, ndege ni kinyume cha wakati, ni ile hamu yetu ya mwanga na nyota. Tuliposikiliza sehemu hiyo mara ya kwanza, mmoja wetu aliyefiwa na baba yake muhula uliopita alitoka nje. Aliporudi alisema sasa ameelewa swali la padre. Ndege wa kambini hapambi kitu. Ukimwondoa, shimo linabaki peke yake.

Hata hivyo ndege wa mwaka 1941 bado ni ndege wa jumla. Kazi ya shuleni hasa ilianza mwaka 1952, Messiaen akiwa profesa wa miaka arobaini na mitatu, alipokwenda kwa mtaalamu wa ndege, Jacques Delamain, katika nchi ya Charente, akaomba afundishwe. Delamain alimfundisha kumtambua ndege kwa mlio wake tu, bila kumwona. Mwaka uliofuata ilitoka Réveil des oiseaux, kazi ya piano na okestra inayofuata saa kwa saa ndege wa Ufaransa kuanzia usiku wa manane mpaka adhuhuri. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1956 na 1958, akaandika kazi ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha yote: Catalogue d'oiseaux, orodha ya ndege, vipande kumi na vitatu vya piano. Aliyeipiga mara ya kwanza, mwaka 1959, ni Yvonne Loriod, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake.

Sasa tueleze alivyofanya, maana hapa ndipo wimbo wetu sisi ulipoanguka.

Aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali ndege alipo, akakaa na daftari na penseli. Mashine ya kurekodi ilikuja baadaye, na mkewe ndiye aliyeishika. Lakini hata hapo daftari halikuachwa. Nyumbani alianza kupambana na matatizo matatu. La kwanza ni mwendo. Ndege mdogo anaimba haraka kuliko kidole chochote cha binadamu, kwa hiyo wimbo lazima upunguzwe mwendo. La pili ni urefu wa sauti. Ndege wengi huimba juu kabisa, mahali ambapo piano imeishia au inatoa mlio mkavu, kwa hiyo wimbo hushushwa oktava moja, mbili, tatu au hata zaidi. La tatu ndilo gumu: kati ya nota moja na nyingine ndege anatumia nafasi ndogo kuliko nusu sauti, na piano haina nafasi hizo. Messiaen hakuzipuuza wala hakuzisawazisha ovyo. Alichukua ile nafasi ndogo kabisa ya ndege akaifanya kuwa nusu sauti, kisha akazipanua nafasi nyingine zote kwa uwiano ule ule. Ni kama kukuza picha: kila kitu kinakua pamoja na sura haipotei.

Bado lilibaki jambo la rangi ya sauti. Nota ya so ikipigwa kwenye piano ni so, lakini so ya kunguru, so ya njiwa na so ya dudumizi hazifanani hata kidogo. Piano inawezaje kukwaruza? Inawezaje kulia kama ndani ya mtungi? Messiaen alifanya kazi ya subira ambayo sisi tulipoitazama kwenye nota tulichoka kwa niaba yake: karibu kila nota ya ndege aliipa mkusanyo wake wa sauti, nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zilizochaguliwa ili zikigongana zitoe ule mkwaruzo au ule utamu wa koo la ndege huyo na si mwingine. Nota moja, mkusanyo mmoja. Inayofuata, mkusanyo mwingine. Ndiyo maana muziki wake mara ya kwanza unaumiza sikio la mtu aliyezoea do-mi-so. Hakuwa akitafuta kelele. Alikuwa akitafuta koo.

Na ndege hakuachwa peke yake. Kila kipande cha orodha ile kina jina la ndege mmoja, lakini ndani yake mna jirani zake wote, pamoja na mwamba, maji, joto la mchana na giza. Kipande cha mwisho kinahusu ndege wa pwani kwenye kisiwa cha Ouessant, magharibi kabisa mwa Ufaransa. Kuelekea mwisho ukungu unafunika, usiku unaingia, na piano inalia king'ora cha mnara wa taa. Kipande cha katikati, kinachochukua karibu nusu saa, kinahusu ndege mdogo wa matete kwenye mabwawa ya nchi ya Sologne. Kinaanza usiku wa manane na kwenda mpaka saa tisa ya usiku unaofuata, saa ishirini na saba za bwawa zikiwa zimekunjwa ndani ya nusu saa. Vyura wapo. Mayungiyungi yapo. Jua linachomoza na linazama. Muda mrefu hakuna kinachotokea, na hicho ndicho kinachotokea.

Kipande cha pili kinamhusu ndege wa manjano mwenye mabawa meusi, anayeitwa kwa Kifaransa loriot. Tulipotafuta habari zake tuligundua kwamba ndege wa aina hiyo huikimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu Afrika, kama wafanyavyo mbayuwayu. Hatusemi ndege wa Messiaen walipita juu ya kikanisa chetu. Lakini ukoo wao unapita.

Sasa turudi kwenye swali la padre kwa upande wa imani, kwa sababu mtu anaweza kusema: vizuri, huyo alikuwa mtaalamu wa ndege, je, Mungu yuko wapi? Messiaen hakuwahi kuutenga msitu na kanisa. Mwaka 1969 alitunga kazi ya kinanda ya tafakari tisa juu ya fumbo la Utatu Mtakatifu. Humo alibuni alfabeti ambamo kila herufi ina nota yake, akaandika kwa njia hiyo maneno ya Mtakatifu Thoma kutoka Summa. Sisi tunaohangaika na Summa kwenye karatasi tulishangaa kwamba kuna mtu aliyeweza kuipiga kwa kinanda. Na katika kazi hiyo hiyo, baada ya teolojia ngumu kiasi hicho, mara kadhaa kipande kinaishia kwa ndege mdogo mmoja wa vichakani anayerudia mlio wake mfupi. Hakuna maelezo. Thoma amesema, ndege amesema.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni opera juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Saint François d'Assise, aliyoifanyia kazi miaka minane na kuonyeshwa Paris tarehe 28 Novemba 1983. Maneno aliyaandika mwenyewe. Alisafiri hadi Asizi kuwasikiliza ndege wa msitu wa Carceri, pale watawa wa kwanza walipokuwa wakijitenga kusali, na alisafiri hadi New Caledonia, katika bahari ya Pasifiki, ili kumpata ndege mmoja ambaye mlio wake aliutumia kwa ajili ya malaika. Onyesho la sita ni lile hubiri kwa ndege, ambalo Toma wa Celano analiweka karibu na Bevagna. Linachukua takribani dakika arobaini na tano. Fransisko anahubiri, ndege wanasikiliza, halafu, na hapa ndipo Messiaen alipoitumia elimu yake yote, ndege wanajibu, okestra nzima ikilia makundi mbalimbali kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Watoto wa somo la falsafa ya maumbile tungesema: kila kiumbe kinatenda kwa namna ya umbo lake. Muongozaji wa okestra angesema ni shida tupu kuwaongoza.

Hapa mmoja wenu atatuuliza: je, basi tuanze kupiga ndege kwenye Misa? Jibu la Messiaen mwenyewe linaweza kuwashangaza. Alishikilia kwamba muziki wa kiliturujia kwa maana kamili ni mmoja tu, wimbo wa Kigregori. Kazi zake hizi za ndege alizipeleka kwenye kumbi za muziki, kwa watu wengi ambao hawakanyagi kanisani. Alisema anataka kupeleka liturujia huko waliko. Kwenye kinanda cha parokia ilikuwa tofauti: humo alitumikia ibada, na hata hivyo wapo waamini walionung'unika kwamba anawapigia sauti za ajabu. Sisi tunadhani alikuwa na haki katika kutofautisha, lakini hatukubaliani naye kabisa kuhusu wimbo wa Kigregori peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, lakini kipengele cha 119 kinataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yake. Ngoma zetu ziliingia kwa mlango huo. Kama dudumizi ataingia, aingie kwa mlango huo huo, kwa unyenyekevu, akiwa amejifunza kusubiri zamu yake.

Wala hatumwingizi sisi wa kwanza. Katika Masifu ya Asubuhi ya Dominika ya juma la kwanza tunasali wimbo wa vijana watatu kutoka Kitabu cha Danieli, ambamo jua, mvua, baridi, milima, nyangumi na ndege wote wa angani wanaitwa mmoja mmoja wamhimidi Bwana. Tumeusali mara nyingi sana, na mpaka tulipomsoma Messiaen tulikuwa tukiuchukulia kama orodha ndefu inayochelewesha chai.

Kuna jambo jingine linalotusukuma. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, anasikitika kwamba kwa sababu yetu maelfu ya aina za viumbe hawatampa tena Mungu utukufu kwa kuwapo kwao, na kwamba hatuna haki hiyo. Mwezi wa pili mwaka huu upande mmoja wa bonde letu ulifyekwa kwa ajili ya ujenzi. Hatuna ugomvi na ujenzi wenyewe, unahitajika, nasi tulibeba matofali. Lakini tangu siku hiyo dudumizi analia kutoka ng'ambo tu, na yule mwenzake wa upande huu hatumsikii tena. Wimbo wa kuitikiana umekuwa wa sauti moja. Kama tusingekuwa tumeanza kusikiliza, tusingegundua hata kwamba kuna kitu kimepungua.

Kwa hiyo tumeanza upya. Wimbo wa zamani tumeuweka kando. Wanne kati yetu tumeomba ruhusa ya kushuka bondeni alfajiri kabla ya Masifu, siku mbili kwa juma, tukiwa na daftari moja na simu moja. Tumempunguza dudumizi mwendo kwenye simu, tukagundua kwamba nota zake hazishuki kwa ngazi sawa kama tulivyoandika mwaka jana. Mwanzoni zinashuka kidogo kidogo, katikati zinakimbia na kusongamana, na mwishoni zinatulia na kupanda. Hiyo so hadi do yetu ilikuwa ya kubuni. Tukafuata njia ya Messiaen ya kupanua nafasi zote kwa uwiano mmoja, na wimbo ukawa mpana kiasi kwamba sauti ya nne peke yake haiwezi kuubeba. Sauti ya tatu inauanza na ya nne inaumalizia. Ule mlio wa mtungi tumeujaribu kwa kuimba midomo ikiwa imefumba nusu. Si mbaya. Na kwa kuwa mwitikiaji hayupo tena, pale alipokuwa akiingia tumeacha kimya cha mapigo manne.

Padre mlezi ameisikia rasimu. Hakuuliza tena ndege anafanya nini. Aliuliza kile kimya ni cha nini, tukamweleza, akatuambia tukirefushe.

Hautaimbwa kwenye Misa. Tumeutengeneza utangulie Masifu ya Jioni ya tarehe 4 Oktoba, kabla kengele haijapigwa. Kazi haijaisha, kwa sababu nota ya tatu kutoka mwisho bado inatugombanisha: mwenzetu wa sauti ya nne anaapa kwamba ni fa, sisi watatu tunaisikia kati ya fa na mi. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri tunashuka tena kwenda kumsikiliza mwenyewe.